Nilivyomwitikia Bi. Mwanaidi

Mwezi uliopita nilikwenda Ushongo kwenye msiba wa Bi. Mwanaidi, aliyefariki akikaribia miaka mia, na kabla sijamaliza kuvua viatu mlangoni nikasikia mama mmoja ndani akimnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyo, Mwalimu Marahaba." Mwenzake akainua shingo kunitazama, kisha akaficha kicheko kwa upindo wa kanga, maana msibani hakuchekwi. Sikuchukia. Jina hilo nililipata nikiwa na miaka ishirini na moja. Leo nimestaafu, nina wajukuu, na watu wa kule bado hawana habari kwamba nina jina jingine. Nikakaa mkekani na wenzangu, nikaitikia dua, nikala wali wa msiba, halafu nikarudi Tanga. Tangu siku hiyo mwaka ule haunitoki kichwani. Nafua, uko. Napika, uko. Naswali, Mungu anisamehe, uko.

Nimesomesha miaka thelathini na mitano, na ile ya mwisho niliwafundisha walimu wapya. Kila mwaka vijana hao walikuja na swali lile lile: mwalimu, siku ya kwanza mtu unaingiaje darasani ili wanafunzi wakupende? Nami niliwapa majibu ya daftarini. Fika mapema. Vaa nguo safi, si lazima mpya. Yashike majina yao haraka. Usianze kwa kutisha wala kwa kujipendekeza. Wakaandika, wakapigia mistari, wakaondoka wameridhika. Sikuwahi kuwaambia hayo nilijifunzia wapi, kwa sababu nilijifunza kwa aibu, na mimi ni mtu wa kiburi, nakiri. Sasa sina darasa tena, na niliyemkosea amelala kaburini, kwa hiyo acha niseme.

Mafunzo yetu yalikuwa ya miezi mitatu, katika jumba la zamani kule Raskazone, Tanga, lenye dari ya juu mno na madirisha ya mbao ambayo hakuna lililofunga sawasawa. Tulikuwa vijana kumi na mmoja tunaofundishwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mkufunzi wetu alikuwa Mwalimu Mhina, Mbondei mfupi, suruali yake imepigwa pasi mpaka ule mstari unaweza kukukata kidole. Kwake yeye kazi yote ya ualimu ilikuwa ndani ya dakika tano za mwanzo. "Mwanafunzi anakupima kabla hujafungua mdomo," alikuwa akituambia. "Akikuona umelegea, umekwisha. Mwaka mzima utakimbizana naye." Basi tukafundishwa kuingia. Unavaa viatu, si ndala. Unangoja nje mpaka wote wamekaa. Unaingia kifua mbele, wanasimama, wanakuamkia, unaitikia, unawaambia kaeni. Hucheki mpaka mwezi wa pili. Tulifanya mazoezi kwa zamu, mmoja anatoka nje na wengine tunajifanya wanafunzi, tunasimama kwa kishindo na kusema shikamoo mwalimu, na Mwalimu Mhina kule nyuma anapaza sauti, "Kifua! Rudia." Mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Nilikuwa na mwili mdogo na sauti ya kitoto, na kitu nilichokiogopa duniani ni kuonekana mtoto, kwa hiyo nilifanya mazoezi hata bafuni, peke yangu, mbele ya kioo kilichopasuka, nikisema marahaba, marahaba, mpaka ikawa nzito kama ya mtu mzima. Simlaumu mzee wa watu. Alikuwa amefundisha watoto maisha yake yote, akatufundisha kuingia kwa watoto, na katika sisi kumi na mmoja hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba tunakwenda kwa mama zetu.

Nilipangiwa Ushongo. Wakati huo ilikuwa safari ya siku nzima: unafika Pangani, unavuka mto kwa pantoni, halafu unatafuta lori la nazi likuchukue. Masharti niliyapewa kabla sijaondoka. Mwaka ule ulikuwa wa majaribio. Mwezi wa kwanza ukitimia, Mwalimu Mhina angekuja mwenyewe kuhesabu watu, na kama darasa lingekuwa na wanafunzi chini ya kumi na tano, lingefungwa, na mwalimu angerudi kwao bila kazi. Nilikuwa nimetafuta kazi mwaka mzima. Niliitaka hii kwa roho yangu yote. Hakuna kitu nilichokitaka zaidi ya kuitwa mwalimu.

Nilipewa chumba kwa Mama Siwema, mjane mnene, mcheshi, mwenye mdomo usiopumzika. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo na dirisha dogo linalotazama jiko lake. Kiambaza kati ya chumba changu na ukumbi wake hakikufika paani, kwa hiyo kila kilichosemwa upande ule kilidondokea kwangu. Asubuhi alinipa mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai. Mchana tulikula bada na samaki wa nazi, na mimi, mtoto wa mjini, nilikuwa nimezoea ugali wa sembe, ile bada ya mihogo ikinishinda kushuka. Mama Siwema akinitazama anasema, "Meza, mwalimu, usiitafune, utachoka bure." Hata leo nikipata bada nzuri naimeza vile vile, bila kuitafuna, na wajukuu zangu wananicheka.

Darasa lilikuwa katika shule ya msingi, saa kumi alasiri, watoto wakishaondoka. Siku hiyo ya kwanza walikuja akina mama ishirini na wawili. Nilikuwa nje, nimejibanza ukutani, nangoja wakae kama nilivyofundishwa, na niliwaona wakipita mmoja mmoja. Walikuwa wameoga. Walikuwa wamejifukiza udi. Wengine walivaa kanga ambazo hazijapata maji, bado ngumu, zinasikika wakitembea. Wakajipenyeza kwenye madawati ya watoto, magoti hayaingii, wanasukumana na kuchekana. Mstari wa mbele kabisa alikaa mama mmoja mrefu, mwembamba, wa miaka sitini na kitu, mgongo umenyooka. Yeye hakucheka na mtu. Alikuwa ameweka mikono juu ya dawati, anatazama ubao ambao haujaandikwa kitu.

Nikaingia. Kifua mbele, viatu vinalia. Yule mama wa mbele akasimama kwanza, na wote nyuma yake wakasimama, na wakasema kwa sauti moja, "Shikamoo mwalimu."

Nikasema, "Marahaba. Kaeni."

Sina haja ya kueleza. Anayesoma haya ameshashika kichwa. Wamo humo waliokuwa sawa na mama yangu, wamo waliokuwa sawa na bibi yangu, na mimi nimewaitikia wote kwa mpigo, kwa ile sauti ya bafuni, bila hata kupepesa macho. Wakakaa, lakini polepole, na kile kicheko cha magoti hakikurudi. Mimi sikuona kitu. Niliona kimya, nikadhani ndiyo nidhamu. Nikawahutubia. Nikawaambia kuanzia leo wanatoka gizani. Nikainua penseli juu ili hata wa nyuma waione, nikasema, "Hii inaitwa penseli."

Yule mama wa mbele akainuka. Akaweka kanga yake vizuri kichwani, akaniambia kwa upole, karibu kwa kunibembeleza, "Niwie radhi, mwanangu. Nimeacha maji jikoni." Akatoka. Hakupita dakika mbili, mwingine akainuka, yeye ana mgonjwa. Wa tatu alikuwa na kuku hajawafungia. Mmoja hakujisumbua hata kutunga, akasema tu, "Na mimi maji." Wote waliniomba ruhusa kwa adabu, na mimi, mjinga, niliwaruhusu kwa kichwa, nikiwaza jinsi walivyo wastaarabu. Nilipogeuka kutoka kuandika herufi ya kwanza ubaoni, walibaki watatu. Mmoja wao alikuwa Mama Siwema mwenyewe, na mwingine alikuwa amelala.

Nilijua nilichofanya jioni hiyo hiyo, jua halijatua. Nilikuwa chumbani napanga daftari, Mama Siwema yuko ukumbini na jirani yake wanakuna nazi.

"Ati kaitikia?" jirani akauliza.

"Kaitikia. Marahaba, kaeni. Mimi nilikuwepo."

"Kamwitikia Bi. Mwanaidi?"

"Bi. Mwanaidi na sisi sote. Halafu akatuonyesha penseli."

Mbuzi ya kukunia ikanyamaza. "Mwee," jirani akasema. "Bi. Mwanaidi aliyetusomesha sisi chuoni, akawasomesha na watoto wetu. Mwenyekiti mwenyewe kaijua Kurani kwa ufito wake. Leo aonyeshwe penseli."

"Mtoto yule, mwache. Hana alijualo."

"Kwao hawana wakubwa?"

Niliketi kitandani na daftari zangu, uso unawaka. Kwamba nilikuwa nimewatovukia adabu wakubwa, hilo peke yake lilitosha. Lakini yule mama wa dawati la mbele alikuwa mwalimu kabla mama yangu hajazaliwa, alijua kusoma na kuandika tangu utotoni kwa herufi za Kiarabu, na mimi nimemwambia anatoka gizani. Nililia, na nikajitahidi kulia kimya kwa sababu ya kile kiambaza.

Kesho yake walikuja wanne. Kesho kutwa wawili. Nikahesabu siku nilizobakiza mpaka Mwalimu Mhina aje, nikaingiwa na hofu, na hofu ikanifanya niongeze kosa juu ya kosa: nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikamwomba awaamrishe. Akawaamrisha. Wote wakamjibu inshallah, na hakuna aliyekuja. Ndipo nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda nyumbani kwa Bi. Mwanaidi kuomba radhi. Nilimshika miguu hasa, nikapiga goti. Akaniinua, akanikalisha, akanipa kahawa na kipande cha mkate wa kumimina kilichobaki asubuhi. Aliniuliza habari za Tanga, za mvua, za bei ya nazi sokoni. Akaniambia, "Nimekusamehe tangu siku ile ile, mwanangu. Usiweke moyoni. Kunywa kahawa." Nilirudi nakimbia kwa furaha. Alasiri nikafika darasani mapema, nikalifuta dawati la mbele kwa kitambaa changu mwenyewe. Hakuja. Nilipomlalamikia Mama Siwema akanitazama kwa huruma. "Kusamehewa umesamehewa," akasema. "Kuja ni jambo jingine. Na yeye asipokuja, nani atatangulia?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba darasa langu lote limesimama juu ya mama yule. Asubuhi sikuwa na kazi. Nikaanza kwenda barazani kwake, ambako ndiko kilikokuwa chuo chake. Nilikwenda bila mpango, nilitaka tu anione ninavyojuta. Watoto walikuwa kama thelathini, wamekaa mkekani na juzuu zao, kila mmoja anasoma sura yake kwa sauti na vichwa vinayumba, na Bi. Mwanaidi ameketi pembeni na ufito mrefu unaomfikia hata wa mwisho bila yeye kuinuka. Nilikaa kwenye ukingo wa baraza nikatazama. Siku ya pili au ya tatu nikaona kitu ambacho nimeishi nacho mpaka leo.

Aliletwa mtoto mpya, msichana wa miaka sita anaitwa Fatu, ameng'ang'ania kanga ya nyanya yake, analia mpaka amepaliwa. Bi. Mwanaidi alipowaona kwa mbali, kwanza alichukua ule ufito akausukuma nyuma ya mlango, usionekane. Halafu akaondoka mahali pake, akashuka ngazi, akawafuata uani. Hakumshika mtoto. Alichuchumaa mchangani mbele yake, yeye na magoti yake mabovu, akamwuliza, "Wewe unajua nini?" Fatu akatikisa kichwa. "Hapana, kuna kitu unajua. Mtu hawi na miaka sita bure." Kisha Fatu akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba anajua kuwika kama jogoo. "Haya, wika." Fatu akawika. Bi. Mwanaidi akasikiliza kwa makini, uso haucheki hata kidogo, halafu akajaribu yeye. Mama wa watu mzima, mwalimu wa kijiji, anawika uani kwake saa tatu asubuhi, na watoto thelathini wamenyamaza kwa mshangao. Akakosea. Nadhani alikosea makusudi, sina hakika. Fatu akafuta machozi, akasema, "Siyo hivyo, bibi. Mwisho unapandisha." Akamwonyesha. Bi. Mwanaidi akarudia, akapandisha mwisho, Fatu akamwambia sasa umepata. Wakapanda ngazi pamoja, mtoto amemshika mkono, nyanya yake amesahauliwa kule nyuma.

Alipofika juu, Bi. Mwanaidi akanigeukia mimi. "Na wewe mwenzangu," akasema, "unajua nini?" Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema najua kusoma, lakini na yeye anajua. Nilitaka kusema najua kufundisha, ulimi ukakataa. "Sijui, Bi.," nikamwambia. Ilikuwa kweli tupu. Akanionyesha kwa kidevu nafasi mkekani, karibu na Fatu. "Kaa pale."

Nikakaa. Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa darasa la nne, shule ilipozidi, na kila nilichokuwa nakijua kilikuwa kimefutika. Basi nikaanza upya, alifu kwa ujiti, magoti yangu yanapita ya watoto wenzangu. Nikawa naamka alfajiri kama wao kumtekea maji mwalimu, nafagia baraza kwa zamu yangu. Fatu alinipita baada ya wiki moja na akaanza kunisahihisha, na hakuwa na huruma. Ufito pia niliuonja, si wa kuumiza, wa kukumbusha. Akina mama wanaokuja kuchukua watoto wao walinikuta pale, mwalimu wa serikali, kanga kichwani, anagombezwa na mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Walicheka. Walipita njia hiyo hata wasiokuwa na mtoto chuoni, ili wacheke. Siku moja Mama Siwema aliniwekea bada yangu akaniambia, "Leo kisimani hakuna habari nyingine ila wewe. Wamecheka mpaka ndoo zikamwagika. Wanasema watakuja kukuona na wewe ukifundisha, kama unafundisha kama unavyosoma, patakuwa na sinema."

Walikuja. Siku ile sikungoja ukutani. Nilikaa mlangoni tangu saa tisa na nusu, na kila aliyefika nilimwamkia shikamoo kabla hajafungua mdomo, kwa jina lake, maana majina yote nilikuwa nimeyapata barazani kupitia kwa watoto wao. Wakaitikia, wengine wakinivuta shavu. Sikuvaa vile viatu. Nikawauliza wanajua nini, nikawa nimeiba swali la Bi. Mwanaidi wazi wazi, na alasiri nzima hatukuandika herufi hata moja. Mmoja alinifundisha kutazama maji na kujua pweza kalala jiwe gani. Mwingine alinionyesha kusuka ukili wa mkeka kwa ukindu aliokuwa nao mkononi, nikaharibu, wakanicheka, nikarudia. Kesho yake niliandika ubaoni pweza na ukindu, hayo yakawa maneno yetu ya kwanza, na hakuna aliyeacha maji jikoni. Mwalimu Mhina alipokuja na pikipiki yake alikuta watu kumi na tisa. Alifurahi, akaandika katika daftari lake, akaniambia nje, "Unaona? Dakika tano za kwanza. Umeingia vizuri." Nilimwitikia ndiyo mwalimu. Kabla ya kuondoka alichungulia tena ndani akauliza dawati la mbele mbona halina mtu. Nikamwambia mwenyewe yuko njiani.

Mwenyewe hakuwa njiani. Kazi yangu ilikuwa imepona, na kwa mtu mwingine hadithi ingekwisha hapo. Kwangu haikwisha, kwa sababu nilimtaka Bi. Mwanaidi katika darasa lile kuliko hao kumi na tisa. Wengine hawakuwahi kukaa mahali pake, na sikuwaambia wasikae. Mwaka mzima kila saa kumi nilikuwa natazama mlango. Asubuhi alinifundisha, na tulifika mbali, nilikaribia kumaliza juzuu ya tatu. Kila asubuhi, kabla hajanisomesha, aliniuliza, "Jana mlisoma nini?" Nikamweleza: jana tumesoma majina ya samaki, jana tumeandika kila mtu jina lake. Alinisikiliza amefumba macho, na akiniuliza maswali yalikuwa maswali ya mtu anayefuata somo. Siku moja aliniuliza kwa nini herufi zetu zinatembea kutoka kushoto. Sikuwahi kuwa na mwanafunzi anayenisikiliza namna ile, na nilikuwa kijana, sikuelewa nilichokuwa nakiona. Nilifikiri ni heshima ya mwalimu kwa mwalimu. Nilikuja kuwafundisha mamia ya watu baada ya pale, na wengi wananisifu kwamba siku ya kwanza nilikuwa mpole, nawauliza habari zao, nawafanya wajione wana kitu. Wanadhani nimezaliwa hivyo.

Mwaka ulipokwisha nilihamishwa Muheza. Gari la ofisi lilikuja kunichukua mapema, na kijiji kilinipakilia nazi, mikeka na kuku wawili. Nikamwomba dereva anisubiri kidogo, nikaenda barazani. Watoto walikuwa bado hawajafika. Bi. Mwanaidi alikuwa anakunja jamvi lililoanikwa, nikamshika miguu, na safari hii sikuweza kuzuia, nikamwuliza moja kwa moja. "Bi., ulinisamehe. Umenifundisha mwaka mzima kama mwanao. Mbona kwangu hukurudi?"

Aliendelea kukunja mpaka likaisha. "Mwanangu, unajua nani aliwaambia wasimame siku ile?"

Sikujua. Nilikuwa nimefikiri ni mwenyekiti.

"Ni mimi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Niliwaambia, mwalimu ni mwalimu hata akiwa mdogo, na sisi tukiingia mle ni wanafunzi, tumwamkie. Nilijua utakataa. Mtoto aliyelelewa hukataa. Utasema, la, mama zangu, mimi ndiye wa kuwashika miguu. Hapo tungecheka, tungekaa, tungeanza."

Dereva akapiga honi kule barabarani.

"Nusu ya maandishi ya dunia nayajua tangu mdogo," akasema. "Nikasema kabla sijafa niipate na ile nusu nyingine. Siku hiyo nilioga tangu adhuhuri. Niliona haya, mtu mzima mimi, nilikuwa na hamu kama hawa wangu wa chuoni. Halafu nikaondoka, na nikawaondoa wenzangu wote. Ulipojirekebisha nilitaka kuja, Mungu shahidi. Nilivaa mara mbili. Lakini ningerudi na uso gani? Na kila nikivaa namwona yule Mwanaidi wa siku ile, aliyekaa mle ndani anangoja kufundishwa, naona aibu kwa ajili yake."

"Njoo sasa," nikamwambia. "Gari nitalirudisha. Nitabaki kesho, nitabaki wiki, tutasoma hapa hapa barazani, sisi wawili tu."

Akatikisa kichwa, akanitengeneza kanga yangu begani kama anavyowafanyia watoto wanaokwenda nyumbani. Mwaka mzima alikuwa ameniita mwanangu, na mwenzangu, na wewe binti. Siku ile tu aliniita kwa jina nililokuwa nimelitafuta.

"Ningekuwa mwanafunzi mzuri, mwalimu," akasema. "Haya, nenda, wanakungoja."